Ufunguo Hautoshi: Injini ya Dizeli Inapotoroka

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa madereva wa malori, utingo, mafundi wa gereji na wakazi wa kando ya barabara kuu katika Kaunti ya Nakuru. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Kila mtu anayeendesha gari anajua kwamba injini huwashwa kwa ufunguo na huzimwa kwa ufunguo. Mazungumzo ya leo yanahusu siku ambayo jambo hilo huacha kuwa kweli. Dereva amesimamisha lori kando ya barabara. Hajakanyaga mafuta, lakini injini inapanda yenyewe. Mlio unazidi kuwa mkali na moshi mzito unafunika trela lote. Dereva anazungusha ufunguo na kuutoa kabisa. Taa za dashibodi zinazimika, lakini injini bado inapanda.

Mafundi husema injini hiyo imetoroka, au imeshika resi. Maana yake ni kwamba injini imepata chakula ambacho dereva hakuipa, na ufunguo hauna uwezo juu ya chakula hicho. Si jambo la kila siku. Wapo madereva watakaostaafu bila kuliona. Lakini likitokea, muda wa kufikiri ni sekunde chache tu, na katika sekunde hizo mtu anaweza kupoteza vidole au hata maisha. Ndiyo sababu uamuzi wa nini kifanyike unapaswa kufanywa mapema, watu wakiwa wametulia kama leo.

Jambo la kukumbuka ni hili. Injini ya dizeli iliyotoroka huzimwa kwa kunyimwa hewa, au kwa kupewa mzigo unaoizidi nguvu. Kama hakuna njia salama ya kufanya mojawapo, watu wote huondoka na injini huachwa ijiharibu.

Kwa nini ufunguo unashindwa

Injini ya petroli huhitaji cheche ya plagi ili mafuta yawake. Ukikata umeme, cheche hupotea na injini hufa. Injini ya dizeli haina plagi za namna hiyo. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio mwaka 1897, alitumia njia nyingine: hewa inagandamizwa ndani ya silinda mpaka inakuwa na joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha mafuta yakiingia yanawaka yenyewe.

Kwa kuwa hakuna cheche ya kukata, injini ya dizeli huongozwa kwa kiasi cha mafuta pekee. Dereva akikanyaga, pampu inaongeza dizeli. Akiachilia, pampu inapunguza. Akizungusha ufunguo kuzima, dizeli inakatwa kabisa. Hewa yenyewe, katika injini nyingi za malori, huingia kwa wingi wakati wote bila kuzuiwa.

Sasa chukulia kwamba kitu kingine kinachoweza kuwaka kimeingia pamoja na ile hewa. Injini haichagui. Oili yake yenyewe ikifika kwenye silinda kwa wingi, itawaka kama dizeli. Injini ikienda kasi inavuta oili zaidi, na ikipata oili zaidi inaenda kasi zaidi. Injini kubwa ya lori hufanya kazi yake chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika, na iliyotoroka hupita kiwango hicho. Mwisho wake huwa mmoja kati ya miwili: oili inaisha na vyuma vinakwama kwa kukosa kulainishwa, au kitu kinavunjika na vipande vinatoboa ukuta wa injini na kuruka nje.

Kukata waya wa betri hakusaidii hapo. Injini hiyo haihitaji umeme ili iendelee.

Oili inapitia wapi

Chanzo kinachojulikana zaidi kwenye malori ya leo ni tabo, ile feni mbili juu ya mhimili mmoja: upande mmoja unazungushwa na moshi wa egzosi, upande wa pili unasukuma hewa ndani ya injini. Mhimili huo huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na hulainishwa kwa oili ya injini. Sili zake zikichoka, oili huvujia upande wa hewa na kusukumwa moja kwa moja kwenye silinda.

Madereva wa njia hii wana sababu ya kulijali jambo hili. Lori lililobeba mzigo mzito likipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, tabo hufanya kazi kwa nguvu muda mrefu na hupata joto kali. Dereva akifika juu, akaegesha na kuzima papo hapo ili anywe chai, oili iliyobaki ndani ya tabo haizunguki tena. Inaungua na kugeuka masizi magumu. Tabia hiyo ikirudiwa safari baada ya safari, beringi na sili za tabo huharibika. Dakika tatu hadi tano za kuacha injini ingurume polepole kabla ya kuzima zinatosha kuipoza.

Chanzo cha pili ni oili kuzidi kipimo. Wapo wanaoamini kwamba kuongeza lita mbili juu ya alama ni kuitunza injini. Oili ikizidi, hupigwa na vyuma vinavyozunguka, hutoa povu na mvuke, na kupitia bomba la kupumulia injini huishia kwenye njia ya hewa.

Chanzo cha tatu ni uchakavu. Ringi za pistoni zikiisha, mgandamizo hupenya chini hadi kwenye sampu na kusukuma ukungu wa oili juu kupitia bomba lile lile.

Chanzo cha nne kiko kwenye injini za zamani, nyingine za matrekta na za mashine za kusaga unga, ambazo kichujio chake cha hewa kina bakuli la oili. Bakuli likijazwa kupita alama, injini huinyonya oili hiyo.

Chanzo cha tano ni tofauti na hivyo vyote. Pampu ya dizeli ya aina ya zamani inaweza kukwama ikiwa wazi. Hapo injini inatoroka kwa dizeli ya kawaida kutoka tangini, na kukata dizeli kunaweza kuizima. Kwa kuwa dereva hawezi kujua papo hapo ni chanzo kipi, hatua ya kwanza daima ni kuzungusha ufunguo, na kuvuta waya wa kuzimia kama lori lina waya huo. Injini isipokufa ndani ya sekunde chache, jua kwamba inakula kitu kingine, na uache kupoteza muda na ufunguo.

Lori likiwa limesimama

Katika lori lenye klachi na gia za mkono, dereva aliye kwenye kiti ana njia ya haraka kuliko zote. Akanyage breki ya mguu mpaka mwisho na hendibreki iwe imefungwa. Akanyage klachi, atie gia ya juu kabisa, ile ya mwendo wa kasi, kisha aachilie klachi mara moja. Injini itajaribu kusukuma lori zima lililofungwa breki kwa gia isiyo na nguvu, itazidiwa na itazima.

Klachi isiachiliwe kidogo kidogo. Ikiteleza, itaungua na nafasi hiyo itakuwa imepotea. Gia ya chini nayo isitumiwe, kwa sababu ina nguvu ya kusukuma lori licha ya breki. Kabla ya yote, pasiwe na mtu mbele wala nyuma ya lori. Utingo aliyeshuka kuweka mawe kwenye magurudumu hapaswi kuwa hapo.

Njia hii ni ya sekunde za mwanzo. Injini ikiwa tayari imepita kiwango chake kwa mbali, klachi yenyewe inaweza kupasuka. Dereva aliyechelewa ashuke.

Malori mapya mengi hayana kanyagio la klachi, kwa kuwa yanabadilisha gia yenyewe. Hayo hayazimiki kwa njia ya gia, kwa sababu mitambo huachanisha injini na magurudumu lori linaposimama. Kwa malori hayo, na kwa injini yoyote isiyo na gia, imebaki hewa.

Kunyima hewa kunahitaji kitu kigumu na bapa kinachofunika mdomo wote wa njia ya hewa: ubao mnene au bati nene. Kwenye malori mengi mdomo huo uko juu, nyuma ya kabini. Pengo dogo likibaki, injini itapumua kupitia hapo. Gereji inayofanya kazi kwenye tabo huku bomba la hewa likiwa limefunguliwa inapaswa kuwa na ubao wa kipimo hicho, umewekwa karibu, kabla injini haijawashwa.

Kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi pia kinaweza kusaidia kikielekezwa ndani ya njia ya hewa, kwa sababu gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni. Lakini ni lazima kiwe kikubwa, na kipulizwe bila kukoma mpaka injini ife. Kizimamoto cha unga, ambacho ndicho kinachobebwa kwenye malori mengi, hakikutengenezwa kwa kazi hii. Kitunzwe kwa ajili ya moto.

Lori likiwa barabarani

Injini inaweza kutoroka lori likiwa linatembea, na hapo mguu wa kushoto ndio adui. Dereva akishtuka na kukanyaga klachi, au akirudisha gia kwenye nyutro, anaiondolea injini mzigo wote uliokuwa unaizuia. Itaruka juu mara moja.

Kwa hivyo lori la gia za mkono libaki kwenye gia na klachi isiguswe. Dereva awashe taa za tahadhari na akanyage breki kwa nguvu, moja kwa moja, bila kupampu, kwa sababu kila kupampu kunamaliza upepo tangini. Breki za lori lililotunzwa zina nguvu kuliko injini. Avute kando na aendelee kukanyaga mpaka lori lisimame na injini ife ikiwa bado iko kwenye gia. Lori la kujibadilishia gia nalo lisimamishwe kwa breki hivyo hivyo. Likisimama, hendibreki ifungwe, ufunguo uzimwe na watu wote washuke waende mbali.

Hapa ndipo mazoea ya kuserereka bila gia yanapoonekana ubaya wake. Njia ya Salgaa inajulikana nchini kote kwa ajali za malori yaliyoachiliwa mteremkoni kwenye nyutro ili kuokoa dizeli. Dereva wa namna hiyo amekwisha kujinyima msaada wa injini wa kupunguza mwendo, na breki zake zimepata moto. Injini ikitoroka wakati huo, hana gia ya kuizima wala breki ya kuaminika.

Mambo yasiyofanywa

La kwanza, usiweke mkono. Tabo ya lori huvuta hewa kwa nguvu ya kutisha, na mapanga yake yanazunguka kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Kijana anayejifunza kazi gerejini anaweza kudhani ataziba kwa kiganja jinsi anavyoziba bomba la maji. Hatabaki na kiganja hicho.

La pili, usitumie kitambaa, ovaroli au gunia. Kitavutwa ndani. Mapanga ya tabo yatavunjika, na injini huenda isizime.

La tatu, usiinue kabini. Malori mengi ya hapa yana kabini iliyo juu ya injini, na kabini hiyo ndiyo kinga pekee kati ya mtu na vyuma vinavyoweza kuruka. Usilale chini ya lori kufungua bomba lolote.

La nne, usisimame kando ya injini kutazama. Vipande huruka kuelekea ubavuni. Umati unaokusanyika na simu kurekodi video uko mahali pabaya kuliko wote.

La tano, usirudi kuokoa mali. Injini ni ghali, na mwenye lori atalalamika. Lakini injini ina bei inayoweza kuandikwa kwenye karatasi. Mwenye lori anayemkaripia dereva kwa kushuka anawafundisha madereva wake wengine wasishuke.

Mvuke wa petroli: funzo la Texas City

Kuna chanzo kingine cha kutoroka ambacho hakihusu ubovu wa injini hata kidogo, na wakazi wa kaunti hii wana sababu ya kukisikiliza kwa makini.

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP mjini Texas City, Marekani, mtambo mmoja ulijaa kupita kiasi na mafuta yakamwagika kutoka juu ya bomba refu. Wingu la mvuke unaowaka likatanda chini. Karibu na hapo palikuwa na pikapu ya dizeli iliyoachwa ikinguruma. Injini yake ilivuta ule mvuke pamoja na hewa na kuanza kupanda. Wafanyakazi walijaribu kuizima, ikakataa, wakakimbia. Muda mfupi baadaye wingu zima lililipuka. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba pikapu hiyo ndiyo iliyoelekea zaidi kuwa chanzo cha moto.

Pikapu hiyo haikuhitaji kuwa mbovu ili itoroke. Ilipumua hewa iliyochanganyika na mafuta, basi.

Hapa kwetu, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan kwenye barabara kuu. Watu walikusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Familia nyingi bado zinaomboleza. Kila mkazi anajua funzo la kutokwenda kuchota. Funzo la Texas City linaongeza jingine: hata anayepita tu na gari la dizeli anaweza kuwa ndiye atakayewasha moto.

Kwa hivyo, lori la petroli likianguka mbele yako, simama mbali, upande ambako upepo unatokea, na uzime injini hapo hapo ulipo. Usilisogelee ili kusaidia kuvuta. Usijipenyeze kando yake ili upite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini, mitaroni na mabondeni, hadi mahali ambapo hakuna tone lililomwagika. Kama injini yako inaanza kupanda yenyewe mahali kama hapo, hiyo ni dalili kwamba uko ndani ya mvuke. Zima, na kama inakataa, shuka na ukimbie kukabili upepo, ukiwaonya wengine kwa sauti. Piga simu 999 au 112 ukiwa umefika mbali.

Huduma za zimamoto na kukabili majanga ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Lakini gari la zimamoto hufika baada ya kuitwa. Dakika za kwanza ni za watu walio barabarani.

Dalili huonekana mapema

Injini inayotoroka kwa oili mara nyingi huwa imetoa taarifa kwa siku nyingi. Moshi wa bluu unaonekana, hasa dereva anapoachilia mafuta kisha kukanyaga tena. Oili inapungua bila kuvuja chini. Mabomba ya hewa kutoka kwenye tabo yana oili nyingi ndani. Tabo inapiga mluzi mpya ambao haukuwapo. Bomba la kupumulia injini linatoa moshi kama jiko.

Utingo ndiye anayeweza kuyaona haya kabla ya wote, kwa kuwa ndiye anayepima oili asubuhi. Apime lori likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa muda ili oili ishuke. Aandike alichoongeza. Daftari la shilingi chache litaonyesha kama lori lililokuwa likiongezwa lita moja kwa mwezi sasa linaongezwa lita moja kwa safari. Dereva akiambiwa hivyo na utingo wake, asimwone mwenzake kuwa msumbufu.

Kwa mafundi kuna onyo la pekee. Tabo iliyokufa huacha oili nyingi ndani ya mabomba ya hewa na ndani ya ile rejeta ya kupoza hewa iliyo mbele ya injini. Fundi akifunga tabo mpya bila kuyafungua na kuyasafisha hayo, injini inaweza kutoroka ikiwashwa kwa mara ya kwanza, kwa oili ya tabo ya zamani. Mteja akiharakisha kazi, hatua hiyo ndiyo huwa rahisi kurukwa. Ni kazi ya saa chache, na isirukwe hata mteja akisema amechelewa bandarini.

Kwa wenye malori, vipo vali vya kufunga hewa vinavyowekwa kwenye njia ya hewa na kufungwa kwa mkono au vyenyewe injini ikizidi kasi. Jambo hili si geni: nyingi kati ya injini za zamani za viharusi viwili za Detroit Diesel ziliwekewa kibao cha dharura cha kukata hewa. Lori linaloingia mara kwa mara kwenye bohari za mafuta linastahili kinga kama hiyo.

Shambani na sokoni

Wasio na malori wasidhani hili haliwahusu. Mashine ya kusaga unga, pampu ya kumwagilia shamba, jenereta ya kanisa na trekta vyote vina injini za dizeli. Nyingi kati yake hazina gia ya kuzimia, na hukaa ndani ya chumba ambamo akina mama na watoto wamepanga foleni na mahindi yao.

Mwenye mashine achukue ubao, aukate kwa kipimo cha mdomo wa kichujio cha hewa, autundike ukutani karibu na mlango, na amwonyeshe kila mfanyakazi kazi yake. Asijaze bakuli la oili kupita alama. Kama injini ina wenzo wa kutoa mgandamizo, mfanyakazi ajue uko wapi, maana kuuinua kunaweza kuizima. Mlango usizibwe na magunia. Injini ikipanda yenyewe, wateja watoke kwanza.

Baada ya kuzima

Injini iliyozimwa isiwashwe tena kuona kama imepona. Chanzo bado kipo. Iachwe ipoe, watu wakae mbali kwa muda, kwa sababu oili iliyomwagika juu ya egzosi yenye moto inaweza kuwaka. Weka alama za pembetatu barabarani. Lori livutwe hadi gerejini, tabo ikaguliwe, mabomba ya hewa yasafishwe, oili imwagwe na kupimwa, na vyuma vya ndani vikaguliwe hata kama hakuna kilichoonekana kuvunjika.

Mabibi na mabwana, hakuna anayetakiwa kuondoka hapa akiwa fundi wa injini. Yanatakiwa mambo matatu. Kila dereva ajue leo, kabla ya safari ijayo, kama lori lake litazimwa kwa gia au kwa hewa, na mdomo wa hewa uko wapi. Kila gereji na kila mashine ya kusaga iwe na ubao wake. Na kila mwenye lori amwambie dereva wake waziwazi, utingo akisikia: njia zikishindikana, shukeni muiache.

Dereva aliyekwisha kuambiwa maneno hayo na mwajiri wake hatapoteza sekunde akiwaza kuhusu kazi yake.